Tope la ziwa halisahau

Ndugu msomaji, ugomvi huu unaujua. Unausikia sokoni Baraka. Unausikia Lubondja, pale ndagala zinapofika kidogo na bei iko juu. Mama muuzaji anasema: "Si mimi, mama, ni ziwa. Samaki haiko tena sawa zamani." Mvuvi anasema kosa ni la wale wenye nyavu za matundu madogo. Mwenye nyavu za matundu madogo anasema kosa ni la wachimba dhahabu wanaochafua mito. Mchimba dhahabu anasema kosa ni la wakulima wanaochoma milima. Mkulima naye anajibu: "Mvua imebadilika, mimi nifanye nini?"

Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Tena hakuna aliyeishi miaka mia mbili ili atuambie mambo yalianza wapi. Hata mzee wa umri mkubwa kijijini hakuliona ziwa la wakati wa babu ya babu yake.

Lakini shahidi mmoja yuko. Hahongwi, haogopi mtu, hachagui upande. Amelala gizani chini ya maji, na kila mwaka anaongeza neno moja juu ya yale aliyokwisha kusema. Shahidi huyo ni tope la chini ya ziwa. Na herufi anazoandikia ni maganda ya mimea midogo sana ya majini. Leo tuone namna gani wataalamu wanayasoma maandiko hayo, yamesema nini juu ya ziwa letu la Tanganyika, na yanatugusa namna gani sisi wa milimani, wa machimboni na wa mwaloni.

MIMEA YENYE NYUMBA YA KIOO

Shika jiwe katika mto, mahali ambapo maji hayaendi mbio. Ukilipitisha kidole unasikia utelezi. Utelezi ule si uchafu tu. Ndani yake mna mwani, ndiyo mimea midogo ya majini isiyo na maua wala mizizi ya kweli. Mwani mwingine unashika mawe, mwingine unaelea katikati ya ziwa. Mwani huo ndio chakula cha kwanza cha ziwa. Vidudu vidogo vinakula mwani, ndagala inakula vidudu, mukeke anakula ndagala, na wewe unakula wote wawili pamoja na bugali. Mwani ukipungua, sahani yako nayo inapungua.

Kati ya aina nyingi za mwani kuna moja inayoitwa diatomu. Diatomu ni ndogo hata jicho haliwezi kuiona. Mara nyingi ukizipanga kumi katika mstari hazifiki milimita moja. Lakini kila moja inajijengea nyumba, na nyumba hiyo ni ya silika, kitu kile kile kinachofanya mchanga na kioo. Nyingine ina umbo la mtumbwi, nyingine la sindano, nyingine ni kama kikopo chenye kifuniko, nyingine zinashikana kama mnyororo. Mtaalamu akiona nyumba anajua mwenyewe alikuwa nani.

Diatomu ikifa, mwili wake unaoza na nyumba ya kioo inazama. Inaweza kukaa katika tope miaka maelfu. Na kama vile muhogo na mpunga havipendi udongo wa namna moja, kila aina ya diatomu ina maji inayoyapenda. Moja inataka maji safi na mawe yanayofikiwa na jua. Nyingine inasitawi pale maji yamejaa mbolea. Nyingine inataka upepo uyakoroge maji sana. Basi ukijua ni diatomu gani ziliishi, umejua maji yalikuwa namna gani.

KITABU KISICHORUDI NYUMA

Umekwisha kuona kitabu cha ubatizo cha parokia. Kila jina linaandikwa chini ya lile lililotangulia. Ukitaka kujua watu waliobatizwa mwaka wa 1950, unafungua kurasa za mwaka wa 1950, na majina yako pale. Tope la ziwa ni vile vile. La mwaka huu linalala juu ya la mwaka jana.

Ziwa Tanganyika ni zuri sana kwa kazi hiyo. Kina chake kinafika metre 1,470. Duniani ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita. Huku kaskazini, ukishuka metre kama mia moja hivi, oksijeni inakwisha. Huko chini hakuna samaki, hakuna konokono, hakuna mdudu wa kufukua tope. Kwa hiyo kurasa hazichanganyiki.

Wataalamu wanasoma kitabu hicho namna gani? Wanakwenda na chombo mpaka mahali walipopachagua. Wanateremsha bomba refu kwa kamba, linadidimia katika tope, wanalifunga na kulipandisha na tope lake ndani. Halafu wanakata tope hilo vipande vyembamba, kama mwenye duka anavyokata kipande kirefu cha sabuni. Kila kipande wanakitia dawa kali inayokula uchafu wa majani na nyama. Kioo hakiliwi, kinabaki. Ndipo wanaangalia kwa darubini ya vitu vidogo na kuhesabu maganda, moja moja, mamia kwa mamia.

Na tarehe wanaijua wapi? Kuna namna moja ya madini ya risasi ambayo inaanguka toka hewani na kupungua yenyewe nusu kila miaka 22 hivi. Wakipima imebaki kiasi gani katika kipande, wanajua umri wake mpaka miaka kama 100 au 150 nyuma. Kwa tope la zamani zaidi wanapima kaboni ya majani na makaa, ambayo inapungua nusu kwa miaka 5,730 hivi. Tena kuna alama nyingine: mabomu ya atomiki yaliyojaribiwa hewani yalimwaga vumbi lake dunia nzima, na vumbi hilo lilizidi sana mwaka wa 1963. Mara nyingi alama yake inaonekana katika tope. Ziwa liliandika hata mambo ya watu wa mbali.

JIRANI YETU VICTORIA ALISEMA NINI?

Kabla ya kusikia habari za ziwa letu, tusikie za jirani. Ziwa Victoria, la Kenya, Uganda na Tanzania, lina kina kidogo, kama metre 80 tu. Katika miaka ya 1980 samaki wake wa asili walianguka vibaya, aina nyingi zikapotea. Watu wakasema mwuaji ni sangara, ndugu ya sangala wetu, samaki mkubwa mla wenzake aliyetiwa ziwani miaka ya 1950. Ni kweli, sangara alikula wengi.

Lakini mwaka wa 2002 Dirk Verschuren wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na wenzake walitangaza walichosoma katika tope. Mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, zamani kabla ya sangara kujaa ziwa. Uliongezeka sawasawa na wingi wa watu na mashamba kandokando ya ziwa. Udongo wenye rutuba ulikuwa ukishuka na mvua na kulisha maji kupita kiasi. Mwani mwingi ukifa unazama na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 maji ya chini yakaanza kukosa pumzi, na samaki wa kina wakakosa makao.

Diatomu nazo zilibadilika. Zile zenye nyumba nzito, ambazo wataalamu wanaziita Aulacoseira, zilipungua. Zikaja Nitzschia, nyembamba kama sindano. Sababu gani? Diatomu zilipokuwa nyingi kupita kiasi zilitumia silika karibu yote. Zilizofuata zikakosa vifaa vya kujengea. Ni kama kijiji kilichokata miti yote: wazazi walijenga kwa mbao, watoto wanajenga kwa matete.

Angalia jambo hili, ndugu. Watu walipoona ziwa linaugua, ugonjwa ulikuwa na umri wa miaka hamsini. Kumbe hasara ya maji inaanza kimya.

ZIWA LETU: USHUHUDA WA MWALONI

Sasa turudi Tanganyika. Tangu miaka mingi Andrew Cohen wa chuo kikuu cha Arizona, Marekani, na wenzake wa nchi za ziwa hili wamelichunguza tope lake. Mwaka wa 1993 walieleza kwamba mahali ambapo mito inaleta tope jingi toka milima iliyokatwa miti, aina za samaki na za vidudu vyenye maganda zilikuwa chache kuliko mahali penye maji safi.

Mwaka wa 1998 walichukua tope mbele ya midomo ya mito, upande wa Burundi na wa Tanzania. Walichagua kwa akili: mito mingine inatoka katika misitu iliyolindwa, kama ile ya Gombe na Mahale, mingine inatoka katika milima iliyolimwa. Wakalinganisha, na mwaka wa 2005 wakatangaza. Kaskazini, alama za milima kukatwa miti zilianza zamani, kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Upande wa Tanzania zilikuja baadaye. Halafu kukatokea jambo kubwa mwanzo wa miaka ya 1960: kwenye mito ya milima iliyokatwa, tope liliongezeka ghafula.

Sababu gani wakati huo? Mwaka wa 1961 na 1962 mvua ilinyesha kupita kawaida. Lakini si mvua peke yake. Mvua ile ilikuta milima imevuliwa nguo. Miti ilikuwa imekwisha kupungua miaka mingi, polepole, na watu hawakuona neno. Kisha mvua kubwa ikaja kudai deni lote siku moja.

Na tope likifika ziwani linafanya nini? Kwanza linazuia jua, na mwani wa kwenye mawe hauwezi kuishi bila jua. Pili linafunika mawe yenyewe. Samaki wengi wa mwaloni wanakula kwenye mawe, wanataga kati ya mawe, wanaficha watoto kati ya mawe. Jiwe likifunikwa, samaki amepoteza shamba na nyumba kwa siku moja.

Vipimo vile vilifanywa Burundi na Tanzania. Lakini mlima mkali, mvua na tope havijui mpaka. Mwenye kusimama Baraka baada ya mvua kubwa, akaangalia maji mekundu yakiingia ghuba la Burton, hahitaji kuelezwa zaidi.

USHUHUDA WA KATIKATI YA ZIWA

Mbali na mwalo, tope lilitoa neno jingine ambalo wengi hawakulitazamia. Mwaka wa 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba ziwa limepata joto, na mwani wake umepungua, labda kwa asilimia 20. Walikadiria kwamba hasara hiyo inaweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka wa 2016 Cohen na wenzake wakasoma tope la miaka kama 1,500. Walihesabu maganda ya diatomu, mifupa na meno ya samaki, na maganda ya konokono. Ilionekana kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza. Walipungua pamoja na diatomu, kadiri maji yalivyozidi kupata joto katika miaka 150 iliyopita. Tena sehemu ya chini yenye oksijeni, pale konokono na samaki wanapoweza kuishi, ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 katika mahali walipochunguza.

Joto linapunguza mwani namna gani? Fikiria chungu cha mchuzi. Chumvi imezama chini, na hakuna mwiko wa kukoroga. Anayechota juu anapata maji matupu. Chakula cha mwani kimejaa chini ya ziwa letu, na mwiko wake ni upepo wa kiangazi. Lakini maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya maji baridi kama mafuta, na upepo hauna nguvu ya kuyachanganya vizuri. Chakula kinabaki chini, mwani una njaa juu, ndagala zinapungua.

Unaona tofauti? Victoria iliugua kwa kula kupita kiasi. Katikati ya Tanganyika kunaugua kwa njaa. Mwaloni kwetu kunaugua kwa kuzikwa na tope. Maganda yale madogo ndiyo yanayotenganisha ugonjwa na ugonjwa.

BASI KOSA NI LA NANI?

Mvuvi mmoja anaweza kuruka na kusema: "Munaona! Nyavu zangu hazina kosa!" Pole pole, ndugu. Baba ambaye mshahara wake umepunguzwa hawezi kuendelea kutumia sawa na mbele. Kama ziwa linazaa kidogo kuliko zamani, kuvua watoto wa samaki kwa chandarua cha mbu kunaumiza zaidi.

Joto la dunia linatoka sana sana katika viwanda, magari na mitambo ya nchi tajiri. Mtu wa Lubondja hawezi kulizuia kwa mikono yake. Ni haki kusema hivyo kwa sauti, na wakubwa wa nchi walisemee huko mbele. Lakini udongo unaoshuka toka shamba letu, njia yetu na machimbo yetu, huo ni wetu. Na nyavu ni zetu. Tope limetusaidia kugawa deni: hili ni la wengine, hili ni la kwetu. Mtu hawezi kukataa kulipa deni lake juu jirani hajalipa la kwake.

Wewe wa machimbo, sikia na hili. Dhahabu inawalisha watoto, hakuna anayekudharau. Lakini udongo unaoushwa mtoni haupotei. Na zebaki, dawa ile ya kukamata dhahabu, haipotei pia. Inazama katika tope. Huko vijidudu vinaigeuza kuwa sumu inayoingia katika samaki, na toka samaki inaingia katika mtu. Ukiichoma, moshi wake unaingia katika mapafu. Anayeumia zaidi ni mtoto, na yule ambaye angali tumboni mwa mama yake. Hata kidogo usiichome jikoni au ndani ya nyumba, wala karibu na mama mwenye mimba.

Labda unasema: "Kijito chetu hakiendi Tanganyika, kinaelekea Luama." Sawa. Milima ya Fizi inagawa maji pande mbili. Lakini kabla ya kufika ziwani au Lualaba, maji yanakutana na bidoni ya mama fulani. Wa chini ni jirani yako kama wa pembeni.

KAZI YA VIJANA: CHUPA TATU

Vijana, jaribuni hivi pamoja na mwalimu. Tafuteni chupa tatu nyeupe za ukubwa mmoja. Ya kwanza chota maji juu ya mahali pa kuchimba au kulima. Ya pili chota chini ya mahali hapo. Ya tatu chota hapo chini vilevile, lakini baada ya mvua kubwa. Andika tarehe na mahali juu ya kila chupa. Ziache zitulie siku mbili bila kuzitikisa. Kisha pima kwa rula tope lililolala chini. Fanyeni hivyo kila mwezi, andikeni katika daftari. Baada ya mwaka mtakuwa na kitabu chenu, na mkizungumza na wakubwa hamtasema "tunafikiri", mtasema "tulipima". Maji hayo yasinywewe. Na kumbukeni: maji kuwa meupe si kusema ni safi; ya kunywa yachemsheni.

Halafu fanyeni yale yanayowezekana. Mkulima alime kwa kukata mlima, si kwa kushuka nao, na apande mistari ya majani ya kushika udongo. Miti ya kandokando ya mto iachwe. Mchimbaji aoshee udongo wake katika shimo, maji yatulie kabla ya kurudi mtoni. Mvuvi aache watoto wa samaki wakue. Hakuna moja kati ya hayo linalongoja fedha za mbali.

Huko Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Maji, CRH, ambapo wenzetu Wakongo wanachunguza ziwa hili. Kijana anayependa biolojia na kemia ajue kazi ipo, tena ni kazi ya nyumbani. Kurasa nyingi za upande wetu wa ziwa zinangoja msomaji.

Maana kitabu kile hakijafungwa. Mvua ya mwaka huu nayo inaandika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kijito tunachochotea maji kinatoka wapi, na kinakwenda kwa nani?

2. Wazee wetu wanakumbuka nini juu ya mawe, samaki na rangi ya maji walipokuwa watoto? Vijana waandike majibu.

3. Katika kazi yetu ya kila siku, ni jambo gani moja linalopeleka udongo mtoni? Tunaweza kulibadili kabla ya masika?

4. Kama mjukuu wako atasoma tope la mwaka huu, ungependa asome nini?